Ariwara: kahawa ya milima yetu yavuka mpaka na kuacha jina nyuma

Ariwara, katika wilaya ya Aru, kaskazini mwa jimbo la Ituri, ni mji wa soko. Bei inaulizwa kwa Kilingala au kwa Kilugbara, mfanyabiashara aliyetoka Bunia anajibu kwa Kiswahili, na makuta yanayotoka mfukoni mara nyingi ni shilingi za Uganda. Mpaka uko karibu, na Arua, mji mkubwa wa upande wa pili, hauko mbali kwa pikipiki. Hapa gunia la kahawa linaweza kulala likiwa la Kongo na kuamka likiwa la Uganda, bila mtu kubadilisha hata punje moja ndani yake.

Wenyeji watasema hiyo si habari. Wamezaliwa wakaikuta. Lakini mwezi Februari 2025 bei ya arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, yaani karibu dola 9 kwa kilo, bei ambayo wakulima wa leo hawakuwahi kuiona. Kahawa ikifika bei ya namna hiyo, kuandikwa au kutoandikwa kuwa mwenye kahawa si hoja ya watu wa ofisi peke yao. Ni minervali ya mtoto wa sekondari huko Mahagi, ni mabati ya nyumba, ni dawa ya mama mgonjwa.

Tufuate basi hilo gunia, kuanzia linakotoka.

Milima ambayo mwenyeji haioni buluu

Ariwara yenyewe haiko juu ya milima mirefu. Arabika inapenda baridi, mahali pa mita 1,400 hadi 2,000 hivi juu ya bahari, na mahali hapo katika Ituri ni kusini zaidi, katika wilaya za Mahagi na Djugu, kwenye milima inayosimama magharibi mwa Ziwa Albert. Mwingereza Samuel Baker alipofika ukingo wa mashariki wa ziwa hilo, tarehe 14 Machi 1864, aliiona ng'ambo ikiwa na rangi ya buluu kwa sababu ya umbali, na jina la Milima ya Buluu likabaki kwenye ramani hadi leo. Mtu anayelima juu yake haoni buluu yoyote. Anaona mahindi, maharagwe, viazi, mikaratusi, ng'ombe wachache, na kati ya hivyo vyote miti ya kahawa, mara nyingi nyuma ya nyumba, chini ya kivuli cha migomba.

Wabelgiji ndio walioleta kilimo cha kahawa ya biashara huku. Walowezi walikuwa na mashamba makubwa, na pale Nioka kukawekwa kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC, ambacho leo ni cha INERA. Baadaye mti ukaingia katika mashamba ya wenyeji wenyewe. Walowezi waliondoka, na mwaka 1973 Mobutu akachukua mali zilizobaki za wageni akawapa watu wake, wengi wao wasiojua hata kukata tawi la kahawa. Mashamba makubwa yakaota majani. Ya nyuma ya nyumba yakaendelea, na hayo ndiyo yanayoleta kahawa mpaka leo.

Ukitoka Mahagi kwenda kaskazini, milima inashuka polepole hadi inakuwa mgongo wa nchi tu, ambao mgeni anaweza kuuvuka bila kujua. Lakini maji yanaujua. Mvua inayonyesha upande wa Aru na Ariwara inaingia mito inayokwenda Kibali, kisha Uele, kisha Ubangi, hadi mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Inayonyesha hatua chache mashariki inakwenda Nile na kupita Misri. Wakoloni wa Kiingereza na wa Kibelgiji walipogawana nchi, walichukua mgongo huo wa maji kuwa mpaka. Watu hawakuulizwa. Walugbara wako pande zote mbili, Wakakwa vilevile, na Waalur wa Mahagi wana ndugu zao Zombo na Nebbi.

Ndiyo sababu kahawa inavuka kwa urahisi namna hii. Kahawa ya Mahagi njia yake fupi ni Goli, au vijia vya miguu kuelekea Paidha. Ya Aru, na ile inayotoka mbali zaidi upande wa Haut-Uele, inashuka Ariwara au inapita Vurra. Na ng'ambo, milima ya Zombo inalima arabika ileile, kwa mikono ya Waalur walewale. Mfanyabiashara wa Paidha akichanganya magunia mawili, moja la huku na moja la kule, hata bwana wa Ulaya anayelipwa kwa kazi ya kuonja kahawa atapata shida kuyatenganisha, kwa maana mlima ni uleule na mti ni uleule, na kilichobadilika ni karatasi iliyobandikwa juu ya gunia.

Soko lililokua kwa sababu ya wakimbizi

Ariwara haikuwa na ukubwa huu zamani. Idi Amin, aliyekuwa mtu wa West Nile, alipoangushwa mwezi Aprili 1979, na mwaka uliofuata jeshi jipya lilipoingia kulipiza kisasi huko kwao, watu kwa maelfu walivuka wakaja Zaire na Sudan. Walikuja na pesa kidogo, na akili ya biashara, na jamaa waliobaki nyumbani. Soko la Ariwara likavimba. Dhahabu na kahawa vilitoka, sabuni na nguo na mafuta ya gari vikaingia. Wakimbizi walirudi kwao, njia zikabaki.

Wakati wa vita vya Ituri, kundi la FAPC lilishika Aru na Ariwara, na moja ya vitu vya kwanza lililovishika ni duane. Askari yeyote anayefika hapa anaelewa haraka kwamba chumba cha duane ndicho chenye utajiri wa mahali.

Watu wa umri fulani wanakumbuka pia jambo la mwaka 1989. Kabla ya hapo kulikuwa na mapatano ya nchi zinazouza na zinazonunua kahawa, kila nchi ikiwa na kipimo chake cha kuuza nje. Mwezi Julai mwaka huo mapatano yakavunjika na bei ikaanguka karibu nusu. Zaire ilikuwa ikitoa karibu tani 120,000 kwa mwaka. Miaka ishirini baadaye, kahawa iliyoandikwa rasmi kutoka Kongo ilikuwa imebaki kiasi cha tani 10,000 hivi. Vita vilikula sehemu, ugonjwa wa miti ulikula sehemu. Sehemu nyingine haikufa kabisa. Ilivuka. Iko kwenye vitabu vya majirani.

Sisemi kwamba Uganda ilijengwa na kahawa yetu. Wenzetu waliachia biashara hiyo huru tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wakapanda miche kwa wingi, na msimu wa 2023/24 waliuza nje mifuko zaidi ya milioni 6 ya kilo 60. Mifuko ya namna hiyo haijazwi na wachuuzi wa usiku. Lakini ndani yake imo kahawa ya Mahagi, Djugu na Beni, na hakuna mtu mwenye uwezo wa kusema ni kiasi gani.

Barabara ileile ya waendao kuhiji

Mpaka huu hauvukwi na magunia tu. Kila mwaka, tarehe 8 Septemba, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, Wakatoliki wa West Nile wanakusanyika Lodonga, katika wilaya ya Yumbe, upande wa Uganda, na wa kwetu wa Aru wanakuwamo. Wamisionari Wakomboni ndio walioijenga misheni hiyo, na kanisa lake lilipewa cheo cha basilika ndogo wakati wa Papa Yohane wa 23, mwaka 1961. Mama anayeheshimiwa pale anaitwa Sultana wa Afrika. Mtu akitembea kwa miguu kutoka Ariwara, ni safari ya siku mbili hivi, na wako wanaoifanya wakiimba.

Kitu kimoja kinanivutia kuhusu Lodonga kuliko ukubwa wa kanisa. Yumbe ni nchi ya Waislamu. Wenyeji wake Waaringa, walio wengi, wanaswali msikitini, na basilika ya Bikira Maria imesimama katikati yao zaidi ya miaka sitini. Hata jina Sultana, jina ambalo Mwislamu halihitaji kutafsiriwa, linasikika kama limetafutwa ili jirani asijione mgeni.

Wengine wanakwenda mbali zaidi, hadi Namugongo karibu na Kampala, kwa ajili ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Na wengine wanageukia magharibi, kwenda Isiro, kwa mwenyeheri Anuarite, mtawa aliyeuawa huko tarehe 1 Desemba 1964 na kutangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Natofautisha safari hizi mbili, ya muumini na ya gunia, kwa sababu zinapita njia moja na mwisho wake haufanani. Anayetoka Ariwara kwenda Lodonga anafika akiwa mtu wa Ariwara. Anaulizwa ametoka parokia gani, anajibu, anakaribishwa, anarudi. Gunia likifika Arua haliulizwi limetoka mlima gani. Faida ya anayelipokea ni kutouliza.

Mzee aliyerudi Maka na punje saba

Iko nchi moja ambako hija na kahawa zilikuwa safari moja, na inafaa kuisimulia, kwa sababu mwisho wake ndio tunaoukosa sisi.

Kusini mwa India, katika jimbo la Karnataka, iko safu ya milima yenye umbo la mwezi mwandamo. Kilele chake, Mullayanagiri, kina mita 1,930 hivi. Safu hiyo inaitwa Baba Budangiri, yaani mlima wa Baba Budan. Watu wa huko wanasimulia kwamba katika karne ya 17, karibu mwaka 1670, mzee mmoja wa Kisufi aitwaye Baba Budan alikwenda kuhiji Maka, na wakati wa kurudi akapita Mocha, bandari ya Yemen. Wakati huo Wayemeni ndio waliokuwa na biashara ya kahawa mikononi, na hawakutaka mbegu hai itoke nchini mwao. Punje iliyouzwa ilikaangwa au kuchemshwa kwanza, isiote. Mzee akaficha punje saba mwilini. Wengine wanasema ndani ya ndevu, wengine wanasema amezifunga tumboni. Alipofika kwao akazipanda mlimani, karibu na pango alimokaa.

Kwa lugha ya watu wa duane, huyo mzee ni mtu wa magendo. Kwa watu wa Karnataka ni mtakatifu, na milima imebeba jina lake. Hadithi yenyewe inaweza kuwa imeongezwa chumvi, kama hadithi zote za watakatifu, lakini yaliyofuata yameandikwa vizuri. Mwaka 1699 Waholanzi walichukua miche kutoka pwani hiyo ya India wakaipeleka Java, na kutoka Java mti ukafika bustani ya Amsterdam, kisha Paris, kisha visiwa vya Amerika. Karnataka leo inatoa kama asilimia 70 ya kahawa yote ya India.

Pango la Baba Budan limekuwa mahali pa kuhiji. Waislamu wanakwenda kumwomba Mungu kwenye kaburi la walii. Wahindu nao wanakwenda, kwa sababu wanaamini kuwa ni makao ya Dattatreya, mmoja wa miungu wao. Kwa vizazi vingi walipanda mlima mmoja, wakaingia pango moja, kila mtu na dua yake. Tangu miaka ya 1970 mambo yameharibika. Ni nani msimamizi, ni ibada gani iruhusiwe, ni kuhani au ni mtumishi wa kaburi: kesi zimefika hadi Mahakama Kuu ya India, na kila Desemba, wakati wa sikukuu ya Dattatreya, serikali inapeleka polisi wengi mlimani. Msomaji wa Djugu au Mahagi haitaji kuelezwa jinsi majirani wa siku nyingi wanavyoweza kufikishwa hapo na watu wanaotafuta kura au kiti.

Lakini nilitaka kufika kwenye jambo lingine. Mwezi Machi 2019, serikali ya India iliandikisha majina ya kahawa tano kuwa mali ya mahali zinakotoka. Moja ya hizo ni arabika ya Baba Budangiri. Maana yake ni kwamba hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuuza kahawa ya mlima mwingine akiita jina hilo. Mkulima mdogo wa pale ana kitu ambacho mkulima wa Mahagi hana: akivuna, jina linavunwa pamoja na punje.

Na kabla hatujawaonea wivu sana, tukumbuke kwamba hata sisi tuliwahi kutoa mbegu. Arabika ilizaliwa Ethiopia. Robusta, ile nyingine, ni ya misitu yetu. Mwaka 1898 Mbelgiji Émile Laurent aliikusanya katika Lomami. Mfanyabiashara wa mimea Linden wa Brussels akaikuza na kuiuza kwa jina la robusta. Kufikia mwaka 1901 ilikuwa Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imeua arabika iliyotoka India. Robusta haikuogopa kutu. Kutoka huko ikaenea Asia. Leo Vietnam imetajirika kwayo, na India yenyewe, nchi ya Baba Budan, inavuna robusta nyingi kuliko arabika. Mti wa Lomami umefika mbali kuliko Mkongomani yeyote, na kwenye pakiti za dukani jina la Kongo halimo.

Isiro, mji wa Anuarite, ulikuwa ndio moyo wa robusta ya kaskazini mashariki. Miaka ya 1980 ugonjwa wa kunyauka, unaokausha mti mzima kuanzia ndani, ulirudi kuzunguka mji huo, ukashuka hadi Beni, na mwaka 1993 ulionekana Uganda. Mashamba yaling'olewa na kuchomwa, au yaliachwa tu. Wanaokwenda Isiro kila Desemba 1 wanapita leo kwenye msitu mdogo ambao baba zao waliujua kama shamba la kahawa.

Kwa nini mkulima anauza ng'ambo

Ni rahisi kumlaumu mchuuzi anayevusha kahawa usiku. Mimi nadhani ni lawama ya uvivu. Tumhesabie kwanza.

Anayetaka kuuza kahawa nje kwa njia halali anakutana na ONAPAC, ofisi ya mazao ya kilimo; na OCC, inayopima ubora; na DGDA, watu wa duane; kisha kodi za jimbo, na za usultani, na barieri ambazo hakuna anayejua zilianza lini wala kwa amri ya nani. Kila moja ina karatasi yake, na mara nyingi ina karatasi ambayo haitolewi. Gunia lenye makaratasi yote nalo linapita Uganda vilevile, kwa sababu bandari yetu ya upande huu ni Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000. Tofauti ya gunia halali na gunia la magendo ni gharama tu, si njia.

Kisha kuna usalama. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vurugu za Djugu zimefukuza watu mashambani mara nyingi, wanamgambo wa CODECO wakiwa upande mmoja na makundi mengine upande wa pili, na utawala wa kijeshi uliowekwa Ituri tarehe 6 Mei 2021 haujamrudishia kila mtu shamba lake. Mti wa kahawa unasubiri miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Mtu asiyejua atalala wapi wiki ijayo hapandi kitu cha miaka minne. Akiwa nacho tayari, anakivuna haraka.

Hilo la kuvuna haraka ndilo linaloumiza zaidi kuliko kodi. Kahawa nzuri inataka uvumilivu. Unachuma tunda jekundu peke yake, unaliacha la kijani lingoje. Siku ileile unalitoa ganda, punje zinalala katika maji hadi utelezi utoke, unaziosha, kisha unazianika juu ya meza ya waya, wiki mbili hivi, ukizigeuza na kuzifunika mvua ikija. Kilo 5 au 6 za matunda zinatoa kilo moja tu ya kahawa ya kuuza. Anayeogopa wezi, au wanamgambo, au deni, anakamua tawi zima, mekundu na ya kijani pamoja, anayamwaga chini kwenye udongo, yanakauka na ganda lake. Hiyo ndiyo kahawa ya koke. Ina harufu ya mahali ilipolala.

Na mnunuzi wa mpakani analipa koke na analipa kahawa iliyooshwa vizuri kwa bei zisizopishana sana, maana yeye atachanganya. Hapo ndipo mkulima mwerevu anajiuliza kwa nini ajisumbue kuosha. Ukimkuta ameamua kutoosha, usimwite mvivu. Amepiga hesabu.

Sehemu nyingi za mashariki kuna pia desturi ya kuuza maua. Mti ukiwa bado na maua meupe, mfanyabiashara anakuja na pesa mkononi, anamkopesha mzazi aliyebanwa na minervali au hospitali, na mavuno yanakuwa yake kwa bei aliyoitaja siku hiyo. Bei ya New York ikipanda hadi dola 4 au 10, mwenye mti haimhusu tena. Aliuza wakati nyuki wako juu ya maua.

Mlolongo huu una mahali pa kukatwa, na mifano ipo. Mahagi kuna ushirika wa Kawa Maber, na maber kwa Kialur ni nzuri. Wakulima wa namna hiyo wanaleta matunda mekundu kwenye kituo cha kuoshea, yanapimwa, yanaandikwa kwa jina la aliyeleta, na kahawa inauzwa nje kwa jina la ushirika na la nchi. Haiwi tajiri wa siku moja. Mkulima anapata sehemu ya malipo mwanzoni na nyingine baadaye, na kungoja hiyo ya pili kunataka imani ambayo watu wetu wamechezewa mara nyingi. Vituo bado ni vichache ukilinganisha na ukubwa wa milima, na anayeishi mbali na kituo hawezi kubeba matunda kichwani kilomita 15 kabla hayajaanza kuoza. Yeye bado ni wa koke.

Karatasi mpya kutoka Ulaya

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa hayataingia kwake bila kuonyesha shamba yalikotoka, na kwamba shamba hilo halikukatwa msituni baada ya mwisho wa mwaka 2020. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili. Kwa kampuni kubwa tarehe sasa ni mwisho wa mwaka 2026. Wengi wanaiona kama mzigo mwingine wa wazungu, na kwa upande fulani wana haki: anayelima mita chache nyuma ya nyumba yake hakuwahi kumaliza msitu wowote.

Lakini kwa Ariwara sheria hiyo inageuza meza. Gunia lisilo na jina, lililobebwa usiku, lililochanganywa Arua, halitakuwa na shamba la kuonyesha. Mnunuzi wa Uganda aliyezoea kutouliza atalazimika kuuliza, au atalipa kidogo zaidi kwa kahawa hiyo na kuitafutia soko jingine lisilo na masharti. Nadhani atafanya hilo la pili kwanza. Atakayebeba hasara ni mkulima aliye mwisho wa mlolongo, kama kawaida.

Kwa upande wetu kazi si kubwa kama inavyosikika. Sheria inasema shamba lisilofikia hekta 4 halihitaji kuchorwa mipaka yake yote. Inatosha nukta moja ya ramani, inayochukuliwa kwa simu ya kawaida yenye GPS. Mashamba ya kahawa ya Mahagi na Djugu karibu yote hayafikii hekta hizo. Kijana mmoja, simu moja, daftari la majina na ruhusa ya kupita barieri bila kulipa, anaweza kumaliza kijiji kwa siku chache. Vyama vya ushirika vimeanza kuandikisha wanachama wao. Wasio wanachama, wale wanaoleta koke yao mpakani, bado hakuna aliyefika kwao na daftari.